Maji Tele, Majani Matupu

Wifi yangu ana bogenvilia langoni kwake kule Kanyangi, na mimi siipendi. Nasema mapema ili usije ukanidhania mtu mwema anayesimulia habari za maua. Siipendi kwa sababu inachanua. Inachanua katikati ya kiangazi, wakati mbuzi wanatafuna magunzi na punda wanatembea vichwa chini. Inachanua nyekundu ya kuumiza macho, hata lile lango lenyewe, ambalo ni mabati mawili yaliyopigiliwa misumari, linaonekana la mtu mwenye cheo. Watu wasiomjua husimama barabarani kuomba kijiti wakapande kwao. Chema chajiuza, na yeye wala hasumbuki kukinadi.

Yangu iko Kibwezi. Hizi mbili ni ndugu kabisa, zimetoka shina moja, lile lililokuwa mlangoni kwa marehemu baba kabla hatujaibomoa nyumba ya zamani. Mama ndiye aliyekata vijiti kwa panga, akavifunga kwa kitambaa kibichi, kimoja akampa mke wa kaka yangu na kingine akanipa mimi. Wifi alikichomeka chake palepale langoni, kwenye changarawe, akaenda zake kupika. Mimi changu nilikipakata hadi Kibwezi.

Tangu baba afariki mama amekuwa akiishi Kanyangi kwa kaka, maana yake anaishi na wifi. Magoti yake yamechoka. Mimi nilikuwa nimemwomba miaka mingi aje akae kwangu. Nilikuwa na sababu nzuri na sikuchoka kuzitaja: sisi tuko karibu na mto, mfereji wa kunyunyizia unapita nyuma ya jikoni, kuna mboga mwaka mzima, na mwanamke aliyebeba maji mgongoni maisha yake yote alistahili kuzeeka mahali ambapo maji yanamfuata yeye. Mama alikuwa na majibu ya kila aina. Mara kuku wanaatamia, mara kanisani kuna mkutano wa akina mama, mara atakuja baada ya kuvuna. Mwisho, siku moja nilipombana sana, akaniambia, "Nitakuja. Ua la baba yako likichanua kwako, nitakuja kuliona, na nikishafika nitakaa."

Huenda alisema tu ili nimwache apumue. Mimi nililishika neno hilo kwa mikono miwili.

Nikaichagulia bogenvilia yangu kona bora kuliko zote. Udongo wetu ni mweusi na mzito. Mvua ikinyesha unaganda kwenye gambuti mpaka unatembea kama mtu aliyevaa mawe, na ukikauka unapasuka nyufa za kumeza kidole. Bamia na pilipili zinaupenda, nasi ndizo tunazouza. Nilichimba shimo kubwa, nikajaza samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, nikapanda, nikamwagilia. Nikamwagilia asubuhi, nikamwagilia jioni. Nikipita na ndoo nikielekea kwingine, nayo nilikuwa naigawia.

Ni lazima uelewe kwamba mtu aliyezaliwa Kanyangi hajui kukinyima kitu maji ikiwa anayo. Nikiwa msichana tulikuwa tunaenda na punda hadi mto mkavu, tunachimba mchanga, tunaketi kando ya shimo tukingojea maji yajikusanye, kisha tunayateka kwa kikombe bila kuyatibua. Kwetu ugonjwa wote ulikuwa kiu. Ndama akilala asiamke, ni kiu. Mahindi yakigeuka manjano, ni kiu. Mgeni akifika amenyamaza, hupaswi kumuuliza habari kabla hujamletea maji. Basi mtu kama mimi akiona jani limelegea, ana jibu moja tu, na hulibeba kwenye ndoo.

Ikakua, siwezi kukana. Ilitoa fimbo ndefu zikapita paa la jiko, zikateremka upande wa pili. Ilitoa majani mapana ya kijani kibichi, na miiba ya kumchoma mtu hadi kwenye mfupa. Mume wangu alisema sasa hatuhitaji uzio wa waya. Maua, halikutoka hata moja. Msimu ukapita, na mwingine, na mwingine. Kisha majani ya chini yakaanza kugeuka manjano na kunyong'onyea. Nikaona wazi kwamba mimi ndiye mchoyo, nikaongeza maji.

Halafu nikaenda Kanyangi kwa mazishi ya jirani, na ile ya wifi ilikuwa imewaka yote. Huwezi kuona jani. Mama alikuwa ameketi kando yake kwenye kigoda akichambua ndengu, na maua yaliyokauka yalikuwa yanamwangukia begani. Ilinichoma. Nilisalimia watu wote kwanza, nikanywa chai, ndipo nikauliza kana kwamba jambo lenyewe limenipitia tu akilini.

"Wifi, hii maua yako unaimwagilia aje?"

Wifi alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Akafikiri kidogo.

"Mimi? Sijui, wifi. Nikikumbuka tu. Nikimaliza kuosha vyombo, kama maji imebaki, naitupia hapo."

Nikikumbuka! Nililala na neno hilo, nikaamka nalo. Mimi nilikuwa naamka kabla ya jogoo kwa ajili ya mmea, na huyu anautupia maji ya masufuria akikumbuka. Wahenga husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Vya wifi yangu havikuundwa na mtu yeyote. Vilielea tu.

Nikaamua kwamba siri iko kwenye udongo. Haiwezi kuwa kwenye mkono wake, niliwaza, maana mkono wake naujua, hata chapati zake hutoka na pembe. Basi ni ile changarawe nyekundu, ambayo maji yakiigusa yanapita bila kuaga. Asubuhi ya kurudi kwangu niliamka mapema, nikachukua gunia tupu la simiti nyuma ya choo, nikaenda langoni, nikapiga magoti, nikaanza kuchota udongo kwa kisahani.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtoto wa Ukambani mwenye akili timamu hawezi kulifanya. Langoni kwa mtu ndipo nyayo zake zilipo. Huko kwetu hakuna anayechota udongo wa langoni pa mwenzake kwa nia ya kupanda maua. Huchotwa na mtu wa aina nyingine kabisa, naye huenda nao kwa mtu wa aina nyingine kabisa, na baada ya hapo mwenye nyayo huanza kukonda. Haya yote niliyajua tangu utotoni, na mimi ni mtu wa kanisa, siyaamini, lakini nayajua. Wivu ulikuwa umenifumba macho. Sikusikia hata kwato za punda wa jirani aliyekuwa anapita kwenda kuteka maji.

"Aiya!" akasema yule mama jirani. Alisimama na punda wake akasimama. "Unachota nyayo za watu?"

Hakusema kwa sauti ya chini. Kaka yangu akatoka na fulana, mswaki mdomoni. Akatazama gunia, akatazama kisahani, akanitazama mimi niliyepiga magoti. Akautoa mswaki.

"Dada," akasema polepole, "kwani wewe na mke wangu mko na shida gani?"

Ningesema nini? Ningesema nataka udongo wa maua, mimi ninayetoka Kibwezi ambako udongo wake watu wanausifu hadi redioni? Tena nitasema kweli: mchawi sikuwa, lakini moyo niliopiga nao magoti pale haukuwa safi. Kama jicho lingeweza kukausha mmea, ule ungekuwa kuni.

Wifi akatokea nyuma yake akijifunga leso. Akaona, akaelewa, na badala ya kukasirika akaangua kicheko.

"Wifi, mchawi gani anakuja na gunia ya simiti? Si wao hubeba kidogo tu, kwa kitambaa?" Kisha akamgeukia mama wa punda. "Ni mimi nimemwambia achukue. Ni ya kupanda maua. Enda tu, mami, maji itaisha huko."

Alidanganya kwa ajili yangu, bila hata kufikiri. Akaingia ndani, akarudi na jembe, akanisukuma kando na kulijaza gunia lile mpaka juu, akalifunga kwa kamba. Mama alikuwa ameegemea mlango akicheka mpaka anafuta machozi. "Mwiitu wakwa," akaniambia, ndivyo anavyoniita, binti yangu, "huo udongo ungekuwa na maana, sisi tusingekuwa tunangojea mahindi ya msaada." Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wifi ni mtu mwema. Laiti angekuwa mbaya ningelala usingizi.

Utingo aliyelipandisha gunia garini Kitui aliuliza ni nini, nikamwambia ni udongo. Akauliza kama huko ninakoenda udongo umeisha.

Nyumbani nilikuwa na nusu pipa niliyokatiwa Emali. Nikalitoboa chini, nikajaza ile changarawe, nikakata kijiti kwenye bogenvilia yangu nikakipanda humo. Nikaliweka pipa karibu na ile ya zamani ili nizione zote mbili nikiwa jikoni. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nikazimwagilia zote mbili, asubuhi na jioni. Ile ya pipani maji yalikuwa yanapita na kutokea kwenye matundu ya chini mara moja, nami nikiona yametoka naongeza. Ikashika, ikakua, ikatoa majani madogo kuliko ya mwenzake. Majani tu, hata yeye. Ndipo nikaanza kufikiria mambo ya kijinga, kwamba huenda wifi ana dawa, kwamba huenda mama anaombea lile lango na haombei langu.

Kisha mto ukashuka. Banio letu, pale mfereji unapochukulia maji mtoni, lilikuwa limejaa mchanga na mfereji ukawa unaleta matone, kwa hiyo kamati ya maji ikaita mkutano. Maji yatakuwa kwa zamu, wakasema, na ni ya chakula peke yake. Atakayeonekana akimwagilia maua atarukwa zamu yake ikifika. Niliporudi nyumbani mume wangu alinikuta nimesimama mbele ya bogenvilia nikiwa na karai la maji ya vyombo. Akaninyang'anya na kwenda kuyamwaga kwenye pilipili.

Hizo zilikuwa siku za mateso kwangu. Ile ya pipani ndiyo iliyoanza kusikia kiu, kwa maana changarawe haina akiba. Ikaangusha majani mpaka ikabaki miiba na fimbo. Waridi langu la kando ya jiko likajikunja, likakauka, likafa, nami nikalilia kwa siri, kwa sababu waridi ni kweli linataka udongo mzito na maji ya kila mara. Ile bogenvilia ya zamani, kwenye udongo mweusi, ilibaki kijani imenuna, kwa kuwa udongo ule huficha maji tumboni muda mrefu baada ya juu kupasuka.

Asubuhi moja nikaenda kuing'oa ile ya pipani niichome. Kwenye ncha za fimbo kulikuwa na wekundu. Nikadhani ni kutu, au wadudu. Nikasogea. Yalikuwa maua, madogo, yaliyokunjwa bado, kwenye kila ncha. Kabla wiki haijaisha pipa zima lilikuwa limefunikwa. Ya udongo mweusi ilifuata baadaye sana, na yake yalikuwa machache, mwishoni mwa zile fimbo ndefu, kana kwamba imelazimishwa na mtu.

Hakuna aliyenieleza. Nilisimama pale nikaona mwenyewe. Mmea huu ukishiba hauna haja ya kuchanua, unanenepa tu. Ukiona maji yamekatika ndipo unakumbuka kazi yake, na kwenye changarawe unaona upesi, kwenye udongo mzito unaona kwa kuchelewa. Kumbe kule kulegea kwa majani hakukuwa kiu. Mizizi ilikuwa inazama, na mmea unaozama huonekana sawasawa na mmea wenye kiu, nami nilikuwa nauongezea mto. Jambo hili sikulifurahia hata kidogo. Maana yake wifi yangu alikuwa amefanya sawa kwa kutojali, na mimi nilikuwa nimekosea kwa kupenda.

Lakini maua yalikuwepo. Nikapiga picha, nikamtumia kaka, nikampigia simu mama. "Limechanua," nikasema. "Basi nitakuja," akasema.

Kaka akamleta. Mama alizunguka pipa mara mbili, akashika ua moja kati ya vidole, akasema, "Ni lenyewe." Nilimwangalia mume wangu ili ahakikishe amesikia. Begi la mama nikalibeba mwenyewe hadi kwenye chumba nilichokipaka rangi upya.

Maji yalikuwa yamerudi mferejini. Bogenvilia nilikuwa nimejifunza kuiacha, ingawa mkono ulikuwa unaniwasha. Mama nilimtunza. Chai ya maziwa kabla hajaamka vizuri, maji ya moto ya kuoga, kiti chenye mto, dawa ya magoti nikimpaka mwenyewe. Akishika kisu kukata mboga, nakichukua. Akivuta ungo wa ndengu, nauondoa. Siku moja nilimwona ameinama kung'oa magugu kwenye bamia nikatoka mbio na mikono yenye unga. "Mwaitu," nikamwambia, yaani mama, "wewe kaa, mimi niko." Akaenda akakaa.

Na kila nilipomfanyia kitu alisema asante. Asante kwa chai, asante kwa maji, asante mwanangu, Mungu akubariki. Mwanzoni ilinipendeza. Nilihesabu kila asante kuwa yangu, moja ambayo wifi hakuipata.

Kisha nikamsikia kwenye simu. Alikuwa barazani, mimi nikiwa jikoni namwekea chai nyingine, na wifi alikuwa upande ule mwingine wa simu.

"Umefunga yule mbuzi na kamba fupi tena? Mimi nilikuambia nini? Hapana, usinidanganye, nakujua wewe. Na unga umeweka wapi? Kwa panya? Ai, wewe mwanamke, kichwa yako ni ya nini, ya kubebea kilemba?" Sauti yake ilikuwa imepanda, na ilikuwa na nguvu ambayo sikuwa nimeisikia tangu afike. Alikuwa akipiga goti lake bovu kwa kiganja akicheka. Wifi naye alisikika akimjibu, kwa ukali uleule. Nilisimama na kikombe mpaka kikapoa. Nilipotoka, mama alikata simu, akaketi wima, akakipokea. "Asante," akasema.

Mchana ule nilitia chumvi kwenye mchuzi mara mbili. Nilifanya makusudi, mtu mzima mimi. Nilitaka ateme, aniulize kama nimerogwa, aniambie hata yule wa Kanyangi anajua kupika. Mume wangu alionja, akasukuma sahani, akanywa maji. Mama alikula wote. Alikula polepole hadi akafuta sahani kwa ugali, akasema chakula kilikuwa kizuri, asante.

Haikupita muda akasema angependa kurudi. Hakutoa sababu ya kuku wala ya kanisa. Alisema tu, "Nimekaa vya kutosha."

Wifi ndiye aliyekuja kumchukua, na alichelewa. Mama alikuwa ameshakaa langoni na begi lake tangu asubuhi, na alipomwona anakuja kwa mbali alisimama bila kushikwa mkono.

"Hii ndiyo saa ya kuja?" akamwambia, hata hajamsalimia. "Na hiyo nguo umevaa si ni ile ya shamba?"

"Mwaitu, si gari imeharibika huko Ikutha! Na wewe umenenepa hivi, sasa nitakubeba aje na mimi niko na mgongo?"

"Ulinibeba lini, wewe?"

Wakaendelea hivyo, mmoja akichukua begi, mwingine akimwambia halishikwi namna hiyo. Nyuso zao zote mbili zilikuwa zinang'aa. Kisha mama akakumbuka kwamba nipo. Akanyamaza, akairekebisha leso yake, akautuliza uso wake kwa heshima, akanipa mkono.

"Asante sana," akaniambia. "Umenitunza vizuri. Mungu akuzidishie."

Nikamwambia karibu tena, kwa sababu ndivyo mgeni anavyoagwa.